Wakikataa Kulipa, Utamshika Nani?

Highview, Louisville
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Wakesho mwanangu,

Dai nitakalolitetea katika barua hii naliweka mlangoni ili usihangaike kulitafuta ndani: mpango wa waumini wa kugawana gharama za matibabu si bima, si mchango kama tunaoujua sisi, wala si kanisa, na mtu mwenye kifua kama chako hapaswi kuutegemea maadamu anaweza kupata kitu kingine. Sisemi kwamba wanaouendesha ni wezi. Laiti wangekuwa wezi, barua hii ingekuwa fupi, na kosa langu lingekuwa dogo.

Kesho alfajiri utapanda basi la kwenda Buffalo. Sitakuandikia habari za koti, wala theluji, wala mabasi ya West Side. Mama Riziki, ambaye utakaa kwake, amekwisha kuvuka baridi moja ya huko na anaijua kuliko mimi. Bi Salome, aliyeombwa na Mama Riziki akakutafutia kazi ya kutunza wazee kule Cheektowaga, atakuonyesha njia ya kazini. Hao wawili wanatosha kwa mambo ya kila siku. Mimi nina jambo moja, na linaanzia kwenye fomu uliyoniletea jana.

Uliniomba nikague tahajia tu. “Spelling tu, Baba mdogo, usianze kuhutubu,” ulisema, ukarudi chumbani kufunga mizigo. Nikakagua. Katika ukurasa wa pili Mpango unauliza kama umewahi kuugua au kutibiwa ugonjwa wa kifua, nawe umeandika, kwa mwandiko mzuri niliokufundisha mwenyewe, “Hapana.” Nilipokuita kuuliza, ulisimama mlangoni na utepe wa gundi mkononi, ukanijibu bila kupepesa macho kwamba uliombewa ukiwa na miaka kumi na mitatu na hujabanwa tena tangu siku hiyo, na kwamba kuandika “Ndiyo” kungekuwa kumwambia Mungu kwamba humwamini. Kisha ukaongeza: “And anyway, wewe ndiye uliyeshinda ule mjadala. I have the video.”

Sikukujibu. Umenizoea nikijibu, ndiyo maana ulinitazama vile. Naandika leo kwa sababu maneno hayo, neno kwa neno ukiondoa pumu, niliwahi kuyasikia katika nyumba nyingine, na siku hiyo kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Lakini acha nianze na baba yako, kwa kuwa kosa langu lilianza katika jambo jema. Kaka yangu alipofariki, wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili na mimi ishirini na minne. Nilikuwa mwanafunzi mgeni, nisiye na akiba, na mwili wa mtu ulitakiwa kurudi Voi. Wakenya wa mji huu walikutana Ijumaa katika chumba cha chini cha kanisa. Kufikia Jumapili jioni, tiketi, sanduku na nauli za sisi wawili zilikuwa zimepatikana. Hakuna aliyejaza fomu. Mtu mmoja ambaye baba yako aliwahi kugombana naye hadi wakaacha kusalimiana alitoa, akasema, “Nimetoa, lakini nikimkuta huko mbele tutamalizia ile maneno yetu.” Watu walicheka wakilia. Tangu siku ile niliamini kwamba sisi, watu wa mchango, tunajua jambo ambalo nchi hii imelisahau.

Kwa hiyo sheria mpya ilipokuja, ikimtaka kila mkaazi awe na bima au atozwe faini, na tukasikia kwamba wanachama wa mipango fulani ya waumini wamesamehewa faini hiyo, niliona historia imegeuka ikatutazama. Hapa palikuwa na watu wanaotumiana fedha za matibabu kila mwezi, muumini kwa muumini, kwa ada iliyo ndogo kuliko bima, huku wakiandikiana kadi za maombi. Nilisoma kila nilichoweza kukipata. Nilisoma habari za vyama vya mafundi wa Ulaya ya kale waliozikana na kuuguzana, vyama vya mazishi vya watu weusi wa nchi hii, na upatu wa akina mama wa kwetu Pwani. Nikavipanga vyote katika mstari mmoja, na mwisho wa mstari nikauweka Mpango. Ulikuwa mstari mzuri. Ningeupinda ulimwengu wote upite humo.

Nilisoma pia kijitabu chao chote, na hili lazima ulijue, maana wengine watakuambia nilidanganywa. Sikudanganywa. Katika ukurasa wa mwisho kimeandikwa wazi kwamba Mpango si bima, kwamba hakuna anayeahidi kulipa gharama yoyote, na kwamba kila mwanachama anabaki mdaiwa wa matibabu yake mwenyewe. Nilisoma, nikaelewa, nikapenda, nikatuandikisha sisi wawili. Niliona ni heshima: watu wasiolazimishwa na sheria, wanaotoa kwa hiari. Hisani iliyolazimishwa, nilijiambia, si hisani.

Ndipo likaja kongamano la Columbus, ile mikutano ya makanisa ya wasemao Kiswahili ambayo wewe uliijua zaidi kwa pilau na vijana wa kwaya. Mwenyekiti alitaka mjadala wa saa moja: bima au Mpango. Mimi nilipewa Mpango. Upande wa pili akapewa Bi Salome, ambaye ni muuguzi, na ambaye hakuwa ametayarisha hotuba yoyote. Nilizungumza dakika ishirini bila karatasi. Unayo video, kwa hiyo sitakurudishia. Nakuomba tu uitazame tena, mahali Bi Salome anapoinuka na miwani yake ikining’inia kifuani.

“Mimi nina swali moja tu,” alisema. “Mwanangu, umesoma, hongera. Bima ikikataa kunilipa, kuna ofisi ya serikali nitaiandikia, kuna wakili, kuna hakimu. Hawa ndugu zako wakikataa kulipa, nitamshika nani?”

Nami nikachukua kipaza sauti nikasema, “Mama, nikuulize na mimi. Umewahi kumwona bibi harusi anayeingia kanisani ameshikana mkono na wakili wa talaka?”

Ukumbi ulilipuka. Kijana mmoja wa Columbus alipiga meza mpaka soda ikamwagika. Bi Salome alisubiri kicheko kiishe, akasema, “Hujanijibu,” na kipaza sauti hakikuwa karibu naye, kwa hiyo katika video hasikiki. Midomo tu inaonekana. Kura ikapigwa kwa mikono. Nikashinda. Nakuambia kama mtu aliyejifunza kupima hoja kwa kazi: katika dakika zile ishirini nilithibitisha kwamba watu wale ni wema. Sikuthibitisha, wala sikujaribu kuthibitisha, kwamba wana wajibu. Hayo ni mambo mawili, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyatenganisha.

Wiki mbili baadaye Papa Riziki, mumewe Mama Riziki, alinipigia simu. Wakati ule walikaa hapa hapa Louisville, jengo la tatu kutoka kwetu. Unamkumbuka akikuletea mahindi ya kuchoma. Alikuwa ameiona video. Kiwandani kwake walikuwa na bima iliyokatwa katika mshahara, naye alitaka kujua kama aiache. Nilikwenda na kijitabu changu. Nilipomaliza kumweleza, alimgeukia mkewe.

“Donc ni kipoyo,” alisema kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani: basi, ni kipoyo.

Nikamuuliza kipoyo ni nini, naye akanieleza kwa furaha ya mtu anayefundisha msomi. Kwao, katika milima mirefu ya Kivu ya Kusini, hakuna gari linalofika. Mgonjwa hulazwa katika machela ya miti na kamba, na wanaume wa mlima mzima humshusha kwa zamu hadi hospitali, safari ya siku nzima au zaidi. Kila nyumba ina zamu yake. Mgonjwa akiwa mzito, wabebaji huimba; akiwa mchoyo, humsema njiani naye anasikia, lakini hubebwa.

“Na mwenye hataki kubeba?” niliuliza.

Mama Riziki, aliyekuwa akikaanga ndagala, dagaa wa kwao, alicheka bila kugeuka. “Eh! Asibebe, basi siku yake atajibeba mwenyewe. Na nyumba yake tunaijua.”

“Ndiyo,” nilisema, “Mpango ni kipoyo.” Hili ni tendo langu la kwanza. Nilipewa kielelezo ambacho kingenifungua macho, nikakitumia kufunga mkataba. Kwa maana kipoyo si hiari. Asiyebeba anajulikana kwa jina na kwa mlango. Kipoyo kina kile alichokuwa anakitafuta Bi Salome: mtu wa kushika.

Tendo la pili ni fomu. Nilimsomea maswali moja moja nikitafsiri. Tulipofika kwenye tumbo, alisema, “Andika hapana.”

Nikasita. Nilikuwepo kanisani mwezi mmoja kabla, aliposimama wakati wa shuhuda. Nilimsikia akisimulia jinsi vidonda vya tumbo vilivyomchoma miaka minne kambini Burundi, asile, asilale, mpaka usiku wa mkesha mmoja alipowekewa mikono na maumivu yakaondoka kama mgeni aliyeaga. Watu walipiga vigelegele. Nami nilipiga makofi.

“Papa,” nikasema, “si ulishuhudia kwamba tumbo lilikusumbua?”

“Njo vile. Na mwisho ya ushuhuda nilisema nini?”

“Kwamba Mungu alikuponya.”

“Bon. Sasa weye unataka niandike kama ningali na ugonjwa. Na mukono huu ninaomba bandugu banisaidie, na mukono huu mwengine ninamukana Mungu. Hapana. Andika hapana.”

“Andika vyenye anasema,” Mama Riziki alidakia. “Hawa ni watu ya kanisa. Haiko polisi.”

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nadhani najua, maana umekwisha kufanya. Mimi niliandika “Hapana.” Na ili usinitetee, nakuambia kilichopita kichwani mwangu. Niliona hatari. Niliona, kwa uwazi kabisa, kwamba neno hilo linaweza kusomwa vingine na mtu mwingine katika ofisi nyingine. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba Mpango una ofisi, na kwamba ofisi hiyo husoma kama ofisi, na mimi nilikuwa nimesimama Columbus nikasema hauna. Niliilinda hotuba yangu. Yeye aliilinda imani yake. Tulitia kila mtu sababu yake katika neno moja, naye ndiye aliyetia sahihi.

Majira ya baridi yaliyofuata kidonda kilitoboka. Alianguka kiwandani, akapelekwa hospitali, akapasuliwa siku ile ile. Nilikuwa kando ya kitanda kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, kwa kuwa mkalimani wa simu hakumwelewa vizuri. Daktari aliuliza kama amewahi kuumwa tumbo. Papa Riziki, akiwa amejikunja kwa maumivu, alitoa ushuhuda wake wote. Kambi, miaka minne, mkesha, mikono, uponyaji. Hata pale hakuacha kifungu. Nami nilitafsiri kila neno, kwa usahihi ambao, Mungu anisamehe, niliuonea fahari. Daktari akaandika sentensi mbili. Uponyaji hakuuandika. Simlaumu, hakuna mahali pake katika karatasi zile.

Mpango uliomba faili la hospitali, kama ulivyo na haki ya kufanya. Baada ya majuma kadhaa wakapiga simu. Nilikuwa sebuleni kwao. Simu iliwekwa mezani, sauti juu, watoto wakanyamazishwa. Mama aliyepiga alikuwa na sauti ya upole wa kweli. Kabla ya lolote aliomba ruhusa atuombee, na akaomba kwa muda mrefu, akimtaja Papa Riziki kwa jina, akijitahidi kulitamka. Nikawa natafsiri maombi. Alipofika “Amina,” Mama Riziki alinigeukia.

“Bon, amemaliza kuomba. Muulize: watalipa ao hawatalipa?”

Hawakulipa. Ugonjwa, alisema yule mama wa simu, ulikuwepo kabla ya uanachama, na haukutajwa. Nilibishana naye, unanijua. Nilimwambia kwamba kwa imani ambayo yeye na Papa Riziki wanaikiri pamoja, ugonjwa ule ulikwisha kambini, na huu ni mwingine. Nilimuuliza kama Mpango wao unaamini uponyaji au hauamini. Alijibu kwa unyonge, “Sir, personally I do.” Yeye binafsi anaamini. Sijawahi kusikia jibu la haki zaidi, wala lisilofaa zaidi. Aliamini kama dada, akakataa kama ofisi, na katikati ya hayo mawili hapakuwa na mtu wa kumshika.

Zingatia hapa jambo ambalo mimi, mwenye vitabu vyote vile, nililiona nikiwa nimechelewa. Sheria ile ile iliyotusukuma kwenye Mpango ilikuwa imezikataza kampuni za bima kumkataa mtu kwa sababu ya ugonjwa aliokuja nao. Bima aliyoiacha kiwandani isingekuwa na haki ya kumuuliza tumbo lilianza kuuma lini. Kampuni ya kidunia, inayotafuta faida, imefungwa mdomo na serikali; ndugu katika imani ndio waliouliza. Sasa niambie, kati ya hao wawili, ni nani aliyefanana na wanaume wa mlima?

Palikuwa na njia ya rufaa: baraza la wanachama wenzake. Niliandaa barua. Ilikuwa barua kali, na nilikuwa na hakika ingeshinda, ila ilihitaji sentensi moja kutoka kwake: kwamba huko kambini hakuwa na vidonda, ilikuwa njaa tu na hofu, na kwamba alipokuwa akishuhudia alitia chumvi kama watu wanavyotia. Nilimsomea. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa juu ya bendeji.

“Unataka niseme Mungu haikuniponya, kusudi watu ya Mungu banilipie,” alisema.

“Nataka ulipiwe, Papa.”

“Hapana, mwana wangu. Deni nitalipa. Ushuhuda haiko yangu, siwezi kuuzisha.” Kisha akanitazama kwa namna ambayo sijaitoa machoni hadi leo, bila hasira, kama anayemwonea huruma mtu aliyepotea njia karibu na nyumbani. “Weye ulisoma sana. Lakini kipoyo haujakibeba hata siku moja.”

Hospitali ilimpunguzia sehemu. Iliyobaki anaitoa kidogo kidogo mpaka sasa. Daktari alimtaka arudi kwa uchunguzi. Hakurudi, kwa kuwa kurudi ni bili nyingine. Walihamia Buffalo kwa ndugu zake, na sasa anapanga maboksi katika ghala moja la Cheektowaga. Utamwona Jumatatu. Utaona anainama kwa magoti, si kwa kiuno, na mkono wa kushoto hauko mbali na tumbo. Usimuulize. Atakuambia ni baridi.

Na mimi? Mwezi ule ule nilikutoa wewe na nikajitoa mwenyewe kwenye Mpango, nikatununulia bima. Hukuambiwa sababu. Hakuna aliyeambiwa sababu. Nilitoka kama mtu anayetoka kanisani wakati wa matangazo, ameinamisha kichwa, ameshika simu kana kwamba anaitwa. Video ya Columbus iliendelea kutumwa kutoka simu hadi simu, na kila nilipoulizwa nilisema kwamba masomo yamenibana. Nilikuwa nikiandika tasnifu juu ya ahadi na wajibu. Walimu waliisifu. Mwezi wa tano nilivaa joho, nawe ukanipiga picha, na Papa Riziki akatuma salamu kutoka Buffalo: “Mwambie hongera, tuko nafurahi naye.” Nilikosea kwa kipaza sauti, nikatubu kwa kunong’ona. Kama kuna somo lolote katika barua hii ni hilo, na sikulipata kitabuni.

Nimekulea miaka saba, na umeiga kwangu mengi, kuinua kidole kabla ya neno “kwa hiyo” kukiwamo. Najua utakavyonijibu. Utasema familia ile ya Columbus, ya yule fundi wa magari, ililipiwa uzazi wa mapacha wote, na kadi za watu wasiowajua zikajaa droo. Ni kweli, nimezisoma kadi hizo, na nyingine zilinitoa machozi. Utasema kampuni za bima nazo hukataa, hukawiza na kutesa watu. Ni kweli pia, nami sina mapenzi nazo. Utasema mmoja aliyekataliwa hathibitishi kitu mbele ya wengi waliolipiwa. Hapo nakupinga. Mpango hulipa vizuri yale yanayoanza baada ya sahihi: mfupa uliovunjika, mtoto aliyezaliwa. Mpango unachokiogopa ni historia ya mtu. Na sisi, Wakesho, tulio katika viti vya Columbus, tuliotoka makambini, tuliokunywa maji ya visima vya kila namna, tuliolelewa katika moshi wa kuni na vumbi la Voi, sisi ni watu wenye historia. Tena tumezoea kuisimulia hadharani kwa furaha, tukidhani kila asikilizaye anasikiliza kama kanisa.

Sijui kama uliponywa. Sikubezi. Nilikuwa nimekushika mkono siku ile ulipoombewa, na ni kweli hujabanwa tena kama zamani. Lakini nilikuwepo pia usiku wa mafua makali ya mwaka juzi, uliponiambia ni kikohozi tu, nami nikasikia filimbi kifuani mwako kutoka chumba cha pili. Nimekuwekea pampu ya pumu katika mfuko wa pembeni wa begi la bluu. Hilo si agizo. Ni ushahidi.

Fomu nimeirudisha katika bahasha yake. Tahajia haina kosa hata moja. Neno “Hapana” sijaligusa. Umri wako ni wa kujisahihisha mwenyewe. Najua umekusudia kuituma siku utakayofika, na najua pia kwamba soko la bima la jimbo utakalohamia lina watu wa kukupimia kwa kipato chako, bila kukuuliza ulianza kukohoa lini. Bi Salome anaijua ofisi hiyo. Nilimpigia asubuhi hii. Ni mara ya kwanza tunazungumza tangu kongamano lile, na nilipomwomba radhi alisema, “Radhi nimepokea. Jibu bado.”

Anasema kweli, na ndiyo sababu sitaridhika ukinijibu kwa simu, au kwa ujumbe mfupi, au kwa kunikumbatia kesho kituoni ili tusizungumze. Vijana wote waliomo katika Mpango leo waliingia kwa sababu yangu, na Jumapili iliyopita ulisimama mbele yao kanisani kuusifu Mpango, ukanitaja kuwa shahidi wako. Nimemwandikia mwenyekiti wa kongamano la mwezi wa kumi. Nimeomba saa moja na kipaza sauti kile kile. Dakika kumi za kwanza nitaungama, kwa majina ya vitu na kwa mpangilio wake, bila utani wa maharusi. Papa Riziki ameniruhusu, kwa sharti moja, kwamba ushuhuda wake nisiupunguze. Atakuwa amekaa kiti cha mbele.

Muda uliobaki ni wako. Ukitaka kuutetea Mpango, utetee. Nimekufundisha namna, na huenda ukanishinda. Lakini usijibu lolote jingine kabla hujajibu swali ambalo mimi nililikimbia ukumbi mzima ukinishangilia. Lijibu kwa sauti, umesimama, macho yako yakiwa kwa yule mtu aliyeshika tumbo: wakikataa kulipa, utamshika nani?

Baba yako mdogo,
Mghanga